Godoro la Madumu

Mama alikuwa na sharti moja tu kuhusu lile gari: mlango ubaki wazi. Jua liwake, mvua inyeshe, mlango wazi. "Likiwa uani kwangu na nyinyi wawili mkiwa ndani," alisema siku lilipoingia, "nataka kuona miguu minne sakafuni." Kisha akaburuta kiti chake cha plastiki mpaka mkabala na mlango, akakaa na sinia la mchele mapajani. Mchele ule ulichambuliwa mpaka ukaomba radhi.

Gari lenyewe waliliita Kobe, kwa sababu linatembea na nyumba yake, na pia kwa sababu likifika mlimani hupitwa na baiskeli. Zamani lilikuwa basi dogo la kubebea wafanyakazi wa kiwanda. Ramani alilipata bovu, akang'oa viti, akatia kitanda upande wa nyuma, jiko la gesi, sinki, meza ya kukunja na kijifriji alichokiunda mwenyewe, maana kazi yake ilikuwa hiyo, fundi wa friji. Jina la Ramani alipewa na wenzake karakanani. Mtu yule hata sokoni haendi mpaka kwanza achore njia.

Na aliyelivisha Kobe ni Kitinda. Ndivyo walivyomwita nyumbani, kwa kuwa yeye ndiye kitindamimba wa Mama, na jina likamng'ang'ania mpaka kwenye kibao cha duka lake la kushona. Alishona mapazia ya madirisha yote, foronya, mito ya viti, na pazia kubwa la kitanda cha nyuma. Hilo la kitanda alilishona kwa kitambaa alichokitunza sandukuni tangu alipokuwa mwanafunzi wa cherehani, kitambaa cheupe chenye maua madogo ya samawati, akisubiri siku itakayostahili kukikata. Siku aliyokikata, mkasi ulimtetemeka mkononi na akajicheka mwenyewe.

Harusi ilikuwa mwisho wa mwezi. Baada ya harusi, Kobe na maharusi wake wangeteremka pwani, wakapige kambi nje kidogo ya jiji, wawili peke yao. Kitinda alikuwa hajawahi kuiona bahari ila kwenye kalenda ya duka la vitambaa.

"Tunaondoka alfajiri," Ramani alisema Jumamosi ile, karatasi ya njia imetandazwa juu ya meza ya kukunja. "Hapa tunakunywa chai. Hapa tunajaza maji. Halafu ni mteremko mtupu mpaka hapa." Kidole chake kilisimama ukingoni mwa rangi ya bluu. "Jiji lenyewe tunalipita pembeni. Kiwanja cha kambi kiko upande wa pili, chini ya mivinje. Umeme upo, bomba lipo, vyoo visafi. Unafungua mlango wa Kobe, unakanyaga mchanga."

"Nakanyaga mchanga," Kitinda alirudia polepole. "Halafu?"

"Halafu hushoni."

"Hata kifungo?"

"Hata kifungo. Kikidondoka, nitatembea kifua wazi."

Kitinda aliangua kicheko. Chini ya meza goti lake liligusa goti la Ramani, nalo halikuondoka. Alimtazama yule mwanamume na ile nyusi yake ya kushoto, nyusi yenye tabia ya kupanda peke yake kila anapotaka kucheka, akahisi joto likimpanda kifuani mpaka masikioni.

"Nasikia kicheko," sauti ya Mama iliingia kutoka uani, "sioni miguu."

Miguu ikarudi mahali pake. Kitinda akainamia karatasi ili afiche uso.

"Lakini Ramani, mbona njia yako inazunguka hivi? Huku unakotaka tukajaze maji si nje kabisa? Huku si ndiko kwa mama yako?"

"Maji ya kule ni matamu."

"Bibi harusi apitishwe kwa mama mkwe kujaza madumu! Hiyo ndiyo fungate yangu?"

"Tutamsalimia mara moja tu, tuendelee." Ramani alisema hayo akiikunja karatasi. Kila siku alipozungumza na Kitinda alimtazama usoni, tena kwa namna ya kumfanya mtu ajirekebishe nywele. Safari hii aliitazama ncha ya penseli. Pale nje, vidole vya Mama vikasimama ndani ya mchele.

Mapenzi yana uzuri wake na upofu wake. Kitinda aliyaona yote mawili, yale macho na vile vidole, akayapita kama mtu anayepita dukani asikodaiwa.

Akapanda juu ya kiti ili apachike kipazia cha mwisho. Juu ya sehemu ya dereva palikuwa na rafu fupi, pana, ya mbao. Ramani alimwambia ni ya mizigo, akamwomba ashone kigodoro cha kutandika pale ili madumu ya maji yasigonge njiani, tena aweke plastiki chini ya kitambaa, dumu likivuja lisiozeshe mbao. Kitinda alikishona kwa vipande vya sponji vilivyobaki na turubai gumu. Kilikuwa chembamba, kikavu, chenye mishono minene katikati. Madumu hayahitaji raha.

Sasa alipoinua mkono kukifikia, alikuta foronya ya kigodoro kile imefuliwa na kurudishwa kinyume, mishono nje. Harufu ya sabuni ilikuwa kali, na chini ya sabuni kulikuwa na harufu nyingine. Kitinda alikuwa amelea watoto wa kaka zake wote, mmoja baada ya mwingine. Harufu ile hakuhitaji kuambiwa.

"Wewe bwana," alisema akicheka, "haya madumu yako siku hizi yanakojoa?"

Penseli ilimponyoka Ramani ikabingirika mpaka chini ya sinki.

"Paka," alisema. "Paka wa karakana. Wiki iliyopita nilipolipeleka kujaribu breki, niliacha dirisha wazi."

"Paka gani huyo anayekojoa kama..."

"Kitinda!" Mama aliita. "Shuka huko. Chai inachemka."

"Chai hatujabandika, Mama."

"Basi nenda kabandike!"

Akashuka, akaenda, akabandika. Na huku anapuliza moto alijiambia kwamba paka ni paka, na mwanamke anayeanza kumchunguza mtu kabla ya ndoa atamaliza wapi? Ilipofika jioni alikuwa ameshakata kitambaa cha foronya mpya. Alimwonea huruma mpenzi wake kwa kusumbuliwa na paka.

*

Jumapili karakana hufungwa, na Kobe hurudishwa uani pake. Kitinda alifika alasiri na mfuko wa foronya begani, utepe wa kupimia ungali shingoni kama kawaida yake, akapita kwenye kilango cha pembeni. Uani palikuwa na friji kuukuu zimesimama safu nzima bila milango, na mwisho wa safu, Kobe. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Ndani mtu alikuwa akiimba wimbo usio na maneno.

"Hodi," Kitinda alisema.

Wimbo ukakatika. "Baba kaenda kununua mkate. Kasema nisimfungulie mtu." Na papo hapo mlango ukafunguliwa.

Alikuwa mtoto wa kike wa umri wa kuanza shule, kipande cha kanga kimefungwa kifuani, mswaki mkononi, na nyusi ya kushoto imepanda juu peke yake. Kitinda alishika bati la gari. Hakuhitaji maelezo mengine. Ile nyusi aliibusu kwa macho kila siku iendayo kwa Mungu.

"Mbona umefungua, na umekatazwa?"

"Nimekuona dirishani. Una utepe. Wewe ndiye fundi?"

"Fundi wa nini?"

"Fundi wa mapazia! Baba kasema kuna fundi anashona vitu vyote vya Kobe. Kasema ana mikono mizuri." Mtoto akaitazama mikono ya Kitinda akitafuta huo uzuri, akaonekana kuridhika kiasi. "Ingia. Mimi wananiita Chiriku kwa sababu sinyamazi. Bibi anaumwa, kwa hiyo nalala humu na Baba. Wiki ile tulienda mpaka mlimani kujaribu kama nitatapika. Sikutapika. Tunaenda baharini, unajua? Mimi nitamngoja Baba kwa Bibi, aje anichukue. Ni siri."

"Ni siri," Kitinda alisema. Sauti yake aliisikia inatoka mbali.

"Kile pale kitanda changu." Mswaki ulielekezwa juu ya sehemu ya dereva. "Kinaumiza. Hapa, na hapa." Alijishika mbavu, kisha nyonga. "Kina matuta. Bibi kasema mtoto mwenye adabu halalamiki, kwa hiyo silalamiki. Nakwambia wewe tu kwa sababu ndiye fundi." Akasogea, akashusha sauti. "Na mimi sikojoi kila siku."

Masikini ya Mungu. Kitinda aliketi kwenye mto alioushona mwenyewe. Alitaka kulia na alitaka kumkumbatia mtoto yule, na zaidi ya yote alitaka kuvunja kitu, na hakujua aanze na lipi.

"Mimi nakujua," Chiriku aliendelea, maana jina halikupewa bure. "Ulikuja kwa Bibi. Ulivaa gauni la kijani. Bibi alisema kuna mgeni, nikakae kwa jirani mpaka aondoke. Nilikuchungulia uani. Ulichelewa kuondoka! Nikasinzia huko huko."

Kitinda alikumbuka siku ile. Mama yake Ramani alimkalisha mahali pazuri, akamwongeza chai, akamwambia asiwe na haraka, hapa ni kwao. Naye akakaa, akacheka, akaona watu wema namna gani, kumbe kila kikombe alichoongezewa kilimweka mtoto wa watu nje ya kwao.

Kilango cha uani kikalia. Ramani alitokea kati ya zile friji, mkate kwapani, akipiga mluzi. Alipouona mlango wa Kobe uko wazi mluzi ulimfia midomoni. Alipoona nani amekaa ndani, alisimama.

"Baba, fundi kaja!" Chiriku alipaza sauti. "Nimeshamwambia kuhusu godoro!"

Kitinda aliinuka, akashuka, akampita, akaenda kusimama upande wa pili wa safu ya friji, mahali mtoto asipoweza kusikia. Ramani alimfuata na mkate wake kwapani.

"Paka wako ana adabu," Kitinda alisema. "Kanikaribisha ndani."

"Kitinda, nisikilize."

"Anaongea vizuri pia. Kanisimulia safari yangu yote. Nimejua leo nakwenda wapi."

"Nilikuwa nimwambie... nilikuwa nikuambie. Nilipanga."

"Najua ulipanga. Wewe kila kitu unapanga. Nataka kusikia ulivyopanga."

Ramani alilamba midomo. "Tungefunga ndoa. Tungeondoka. Tungepita kwa mama kujaza maji, yeye angekuwa pale, ungemwona. Tungemchukua. Nilijiambia ukishafika pwani, ukishaiona bahari, umefurahi..."

"Nitalainika."

Ramani aliuhamishia mkate kwapa la pili.

"Yaani unifunge kwanza kwa ndoa, unipakie garini, unifikishe kwenu mbele ya mama yako na madumu yako, ndipo niambiwe. Mbali na nyumbani. Hata nikitaka kushuka sijui pa kushukia. Ramani! Hivyo ndivyo watu wanavyosafirisha mbuzi!"

"Mama yake aliondoka zamani, Kitinda. Ana mume wake na maisha yake, hata simu hapigi. Nakuapia hakuna mwanamke mwingine."

"Nimekuuliza mwanamke mimi?"

"Ulisema mwenyewe!" Sasa na yeye sauti ilimpanda. "Siku ile dukani kwako, tumejuana juzijuzi tu, ulisema mbele yangu: nimelea watoto wa kaka zangu wote, sasa nikilea tena nataka niwe nimemzaa mimi. Ulisema huku unacheka, lakini ulisema. Mimi nilikuja siku ile ili nikuambie. Nilikuwa na picha yake mfukoni. Nikaogopa kukukosa."

Maneno yale Kitinda aliyakumbuka. Aliyasema, ni kweli, na alikuwa na pini mdomoni na amechoka. Uchungu ulimpanda upya, kwa sababu sasa kulikuwa na kipande kidogo cha haki ndani ya uongo ule wote.

"Nilisema," alijibu. "Na ungeitoa picha, huenda ningekukataa siku ile. Huenda ningelia usiku mmoja, asubuhi nikakufuata. Hatutajua tena, mimi wala wewe. Hukunipa hata nafasi ya kukukataa, Ramani. Ulinichagulia jibu, ukalificha."

"Nilikupenda mno."

"Ulinipenda ukamficha mwanao kwa jirani kama mwizi. Nimekaa kwenu nakunywa chai, na mtoto anasinzia ukutani kwa watu akingoja niondoke! Unajua umenifanya nini? Umenifanya mimi niwe mama wa kambo mbaya kabla sijamjua hata kwa jina."

Ramani alifunika uso kwa kiganja. Mkate ulianguka mavumbini, hakuna aliyeuokota.

"Na lile godoro." Hapo ndipo sauti ya Kitinda ilipovunjika. Alikuwa ameyabeba mengine yote akiwa wima, lakini hilo lilimshinda. "Ulisimama dukani kwangu ukaniambia madumu. Nikakuuliza, liwe nene? Ukasema hapana, lolote tu. Mwanao, Ramani. Nimemshonea mwanao matuta. Ungeniambia ni mtoto, hata kama ni mtoto wa adui yangu, ningemwekea pamba. Wewe unanijua. Ulijua kwamba ningeweka pamba, na bado ukaona bora aumie mbavu kuliko wewe uaibike."

"Nisamehe." Alinyoosha mkono, vidole vikagusa kiwiko chake. Na jamani, moyo hauna aibu: hata saa ile ngozi ya Kitinda ilimtambua. Alisimama kidogo, kidogo tu, akiwa ndani ya joto la kile kiganja, akaona mivinje, akaona mchanga, akajiona anafungua mlango asubuhi. Kisha akavuta mkono wake.

"Nani mwingine anajua?"

Ramani aliutazama mkate pale mavumbini.

"Nimeuliza nani mwingine."

"Kamuulize mama yako," alisema kwa sauti ndogo. "Siwezi kumsemea."

Kitinda alirudi kwenye Kobe, akapanda juu ya kiti, akakivuta kile kigodoro kutoka kwenye rafu. Chiriku alimtazama kwa macho makubwa.

"Unakichukua? Sikulalamika!"

"Hukulalamika, mama. Nakwenda kukitengeneza. Leo utalala na Baba kwenye kitanda kikubwa." Akakikunja kwapani, akatoka nacho mtaani mchana kweupe, na waliomjua walimtania kama amefukuzwa na godoro lake. Aliwajibu kwa kucheka, kwa sababu hakuwa na nguvu za kujibu vingine.

*

Mama alikuwa kwenye kiti chake uani, ingawa siku ile gari halikuwepo la kulilinda. Aliona kigodoro, akaliweka sinia chini.

"Ulijua," Kitinda alisema.

"Kaa kwanza, mwanangu."

"Ulijua, Mama?"

"Walipoleta posa, shangazi yake alinivuta pembeni. Akaniambia kuna mtoto, wakaniomba niwaachie wakueleze wenyewe taratibu. Nikasema sawa." Mama alijifuta mikono isiyokuwa na kitu. "Nikaona ukiambiwa utakataa. Wewe nakujua, ukikataa umekataa. Kaka zako wote wameoa, wanakuletea watoto wao uwalee kwa sababu huna wako. Mimi nimezeeka. Nilitaka uondoke uani kwangu siku moja ukiwa unacheka."

"Basi nicheke."

"Kitinda..."

"Umekaa kwenye kiti hiki siku zote, unahesabu miguu yangu. Mlango wazi, mlango wazi! Nilidhani unanilinda. Ukajua uongo unapanda garini mwangu, ukalisogeza sinia la mchele ili upite." Machozi sasa yalimtiririka bila kujificha. "Yeye ni mwanamume, nimemjua juzi. Wewe ni mama yangu."

Mama aliinuka, akasimama karibu na binti yake bila kumgusa. "Nilikosea," alisema hatimaye. "Nilidhani aibu ya kubaki ni kubwa kuliko aibu ya kudanganywa."

"Kwa nani, Mama? Kwa anayebaki, au kwa majirani?"

Kitinda aliingia ndani, akafungua cherehani. Alikifumua kile kigodoro mshono kwa mshono, akavitupa vipande vya sponji, akajaza pamba safi aliyoichambua kwa vidole mpaka ikalainika. Plastiki aliiacha, maana mtoto ni mtoto, lakini aliivika flaneli juu isije ikalia mtu akijigeuza. Ilipofika zamu ya foronya alikaa na mkasi mkononi akitazama turubai lililobaki. Alilisukuma kando.

*

Jumatatu, kabla ya kufungua duka, alirudi karakanani. Ramani alikuwa mlangoni mwa Kobe, macho mekundu. Alipomwona anakuja na godoro kichwani, uso ulimng'aa kwa tumaini ambalo Kitinda hakuweza kulitazama. Alimpita, akaingia ndani. Alikwenda moja kwa moja nyuma, akalifungua pazia kubwa la kitanda kutoka kwenye kulabu zake, lile jeupe lenye maua ya samawati, akakaa nalo kwenye meza ya kukunja. Mkasi haukutetemeka. Alikata, akapinda, akashona kwa mkono, uzi ukipita upesi upesi, na Chiriku amekaa mbele yake anahesabu maua. Ramani alibaki amesimama chini, anaelewa kidogo kidogo kile kinachokatwa.

Alipomaliza alilivisha godoro, akalipandisha kwenye rafu, akamwinua mtoto juu yake.

"Lala. Jigeuze. Huku pia. Linaumiza?"

"Haliumizi!" Chiriku alizamisha uso ndani ya maua. "Linanukia sanduku."

Kitinda alivua kamba shingoni mwake. Juu yake ulikuwa ufunguo wa pili wa Kobe, alioupokea siku ya posa na kuuvaa mahali ambapo wengine huvaa cheni. Aliuweka juu ya ile karatasi ya njia.

"Tusogeze harusi mbele," Ramani alisema haraka kutoka mlangoni. "Hata mwaka. Tuanze upya, nitakuambia kila kitu. Kitinda, bila wewe safari hii ni ya nini?"

"Ya kumwonyesha mwanao bahari. Mpeleke. Na huna haja ya kuzunguka tena kujaza maji."

"Na wewe?"

Chiriku alikuwa ametoa kichwa nje ya rafu, nywele zimemsimama, anawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Baba jana alilia," alisema. "Kasema wewe si fundi tu. Kasema ulikuwa uwe mama yangu. Ni kweli?"

Kitinda alimpangusa uzi uliomganda shavuni. Alimwangalia ile nyusi, akaipapasa kwa kidole gumba mpaka ikatulia.

"Mimi ni fundi, mwanangu," alisema. "Na kazi yangu nimeimaliza."

Akashuka. Ramani alimpisha, naye akapita karibu kiasi cha kusikia pumzi zake. Kisha akaushika mlango wa Kobe, ule mlango ambao tangu siku ya kwanza haukuwahi kufungwa wakiwa wawili, akausukuma taratibu ili upepo wa asubuhi usimpige mtoto, mpaka komeo likaingia.